Mionzi Huponya, Njaa Hukatiza: Habari ya Kansa ya Mlango wa Kizazi kutoka Uganda



Mimi ni mama wa watoto wanne. Nilimaliza darasa la saba, nikachuma majani ya chai miaka 11, kisha wenzangu wakanichagua niwe mwakilishi wao. Sasa kazi yangu ni kuandikisha wanachama na kusikiliza mashauri yao katika mashamba ya magharibi ya nchi yetu. Katika kambi zetu wamo watu wa Kigezi, wa West Nile, wa Rwanda na wa Congo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Mimi si daktari. Haya ninayoandika nimeyauliza kwa wauguzi na madaktari, na mengine nimeyaona kwa macho yangu nilipowasindikiza wenzetu hospitali.

Nataka kueleza jambo ambalo katika mikutano yetu husemwa kwa kunong'ona tu. Nalo ni kansa ya mlango wa kizazi na tiba yake ya mionzi. Ndugu wanaume, msigeuze ukurasa. Jambo hili ni lenu pia, na sababu mtaiona.

MASHINE MOJA KWA NCHI NZIMA

Mwaka 2016 mwenzetu mmoja, mchumaji hodari, alikuwa akitokwa na damu isiyo ya mwezi. Alinyamaza miezi mingi kwa aibu. Zahanati ya shamba ilimpa vidonge vya tumbo mara tatu bila kumpima. Alipofika hospitali kubwa aliambiwa ni kansa ya mlango wa kizazi, na kwamba imekwisha kutoka nje ya mahali ilipoanzia. Kupasuliwa hakungefaa tena. Dawa yake ni mionzi, na mionzi iko Kampala.

Tulichanga nauli. Alipofika Kampala alikuta mashine imekufa.

Mashine ile ilikuwa imefanya kazi katika hospitali ya Mulago tangu mwaka 1995. Ilikuwa ya pekee kwa nchi nzima ya Uganda, na hata wagonjwa wa nchi za jirani walikuwa wakiitegemea. Ilikuwa imechoka, ikiharibika na kutengenezwa, mpaka mwaka 2016 ikashindikana kabisa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila kuwatoza gharama ya tiba. Wengine walibaki kungoja. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na katika miaka iliyofuata zikaja pia mashine za kisasa zinazotengeneza mionzi kwa nguvu ya umeme.

Mwenzetu hakuwamo katika wale waliopelekwa Nairobi. Alirudi kambini. Alifariki kabla ya mwaka ule kwisha, na watoto wake wakachukuliwa na bibi yao.

Wakati ule nilidhani adui yetu ni mashine mbovu peke yake. Mwaka 2019 mwingine aliugua ugonjwa ule ule. Safari hii mashine ilikuwa nzima, na bado tulikaribia kumpoteza. Habari yake nitaimaliza mwishoni, kwa maana ndiyo iliyonifanya niandike.

KANSA HII INATOKA WAPI?

Haitokani na kurogwa, wala kubeba vikapu vizito, wala dawa za uzazi wa mpango za kienyeji. Karibu kila mara inaletwa na kirusi kiitwacho papiloma, ambacho huenezwa kwa kujamiiana. Kirusi hiki kimeenea sana. Watu wengi waliopata kulala na mwanamume au mwanamke hukipata wakati fulani wa maisha yao, na wengi mwili hukifukuza wenyewe bila wao kujua. Kwa wanawake wachache hukaa, kikaharibu polepole ngozi ya mlango wa kizazi. Kutoka kuingia kwake hata kuwa kansa hupita mara nyingi miaka 10, 15 au zaidi. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI huweza kwenda mbio zaidi, na hatari yake ni kama mara 6 kuliko ya mwenzake asiye navyo.

Basi mume asimwambie mkewe, "Umetoka nje ya ndoa." Kirusi huenda kilikuja kabla hamjajuana, na huenda wewe mwenyewe ndiwe uliyekileta, maana mwanamume hukibeba bila dalili yoyote. Nimeona mama akifukuzwa nyumbani siku aliyopewa cheti cha hospitali. Huo ni ujinga, na ni ukatili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 ulimwenguni waliugua kansa hii, na kama 350,000 walikufa. Katika kila 100 waliokufa, 94 ni wa nchi maskini na zenye kipato cha kati. Hatufi kwa sababu ugonjwa wetu ni mkali kuliko wa Wazungu. Tunakufa kwa sababu sisi tunauona umekwisha kukomaa.

DALILI, NA KIPIMO CHA SIKI

Mwanzoni hakuna dalili wala maumivu. Baadaye huja damu baada ya kujamiiana, au damu katikati ya mwezi, au damu kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi. Huja pia uchafu wenye harufu mbaya, na maumivu ya kiuno na chini ya tumbo. Mama anayeona damu kama hiyo asikubali vidonge vya tumbo. Aseme, "Nataka kupimwa mlango wa kizazi."

Na wale wasio na dalili wapimwe vile vile, maana hapo ndipo ugonjwa unapokamatwa ukingali mdogo. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja, akatazama. Pakibadilika rangi na kuwa peupe, kuna jambo. Mara nyingi huweza kulichoma kwa joto au kuligandisha kwa baridi siku ile ile, kabla halijawa kansa, na mama akarudi nyumbani. Kipo pia kipimo kipya cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25.

Kwa wasichana iko chanjo. Rwanda ilianza kuitoa mwaka 2011, Uganda ikaieneza nchi nzima mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Haiharibu kizazi. Inakilinda.

MIONZI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Mionzi ni nguvu isiyoonekana, ndugu yake ile inayopiga picha ya mfupa, ila hii ni kali zaidi. Hupenya mwilini ikaharibu ile mbegu ya ndani inayoiwezesha chembe ya kansa kuzaana. Chembe nzima za mwili nazo huguswa, lakini zenyewe hujitengeneza usiku kucha, na chembe za kansa hazijui kujitengeneza vizuri. Ndiyo sababu mionzi haitolewi yote siku moja. Hutolewa kidogo kidogo, siku 5 za juma, kwa muda wa majuma 5 hivi, ili kila siku kansa ipigwe na mwili upate nafasi ya kupumua.

Sisi watu wa shamba tunaujua mfano wake. Jani la sangari, ambalo hapa kwetu huitwa lumbugu, hulimalizi kwa kulilima mara moja. Utarudi, utarudi tena, mpaka mzizi uchoke. Ukiacha katikati ya kazi, likirudi linarudi na hasira.

Mashine za kobalti zina chembe ya madini ya kobalti ndani yake, nayo ndiyo inayotoa mionzi mchana na usiku. Kila ipitapo miaka 5 na miezi 3 hivi, nguvu yake hubaki nusu. Kama mgonjwa alikuwa akilala chini ya mashine dakika 5, baada ya muda huo atahitaji dakika 10 kupata kipimo kile kile. Hivyo madini yasipobadilishwa, foleni hurefuka hata kama mashine haijaharibika. Ni kama kisu cha kupogolea kilichokwisha makali: kazi ni ile ile, mikono ni ile ile, lakini siku haitoshi.

Kwa kansa ya mlango wa kizazi iko sehemu ya pili, mionzi ya ndani. Mama hupewa dawa ya kutuliza maumivu, kisha daktari huingiza vifaa vyembamba mpaka kwenye mlango wa kizazi. Mashine hupeleka kipande kidogo chenye mionzi ndani ya vifaa hivyo, kikakaa kwa muda mfupi, kikarudishwa. Hufanywa mara kadhaa. Mama asidhani kwamba akimaliza ile ya nje amepona. Bila ya ndani, nafasi ya kupona hupungua sana. Wengi huongezewa pia dripu ya dawa ya kansa mara moja kwa juma, maana dawa hiyo huifanya mionzi iwe na makali zaidi.

Tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike katika majuma 8. Shikeni hesabu hii ya majuma 8. Nitaitumia tena.

MASWALI NINAYOULIZWA KAMBINI

"Je, unaungua?" Hapana, wakati wa kupigwa husikii kitu. Unalala juu ya kitanda peke yako chumbani, wahudumu wanakutazama kwa televisheni kutoka chumba cha pili. Ni dakika chache. Huchorwa alama mwilini, usizifute.

"Je, nywele hukatika?" Mionzi hunyonyoa pale tu inapopita. Mionzi ya nyonga haigusi nywele za kichwa.

"Je, nikirudi nitawadhuru watoto?" Hapana. Mionzi ya nje haibaki mwilini, na ile ya ndani huondoka pamoja na kipande chake. Lala na mwanao, kula naye chungu kimoja.

"Basi ubaya wake ni nini?" Upo, tusidanganyane. Utachoka sana. Utaharisha, mkojo utauma, na ngozi ya sehemu ile huweza kuwa nyeusi na kuwasha. Mambo haya mengi hupungua majuma machache baada ya tiba. Usiyameze moyoni, mwambie muuguzi, kwa maana dawa zipo. Hedhi itakoma, na mimba hutapata tena. Njia ya uke huweza kukauka na kusinyaa. Kuna mafuta na vifaa vya kuizuia isizibe, uliza bila haya. Mume naye ajue mapema, angoje mpaka mkewe apone, asikimbilie kwingine. Na ukiona damu kwenye haja baada ya miezi au miaka, rudi hospitali.

"Je, ninapona kweli?" Mwanamke ambaye ugonjwa haujafika mbali, kama mapafuni au kwenye ini, ana nafasi nzuri ya kupona, na kadiri anavyofika mapema ndivyo inavyokuwa kubwa. Aliyechelewa sana hupewa mionzi michache ya kukausha damu na kupunguza maumivu, nayo pia ni msaada mkubwa.

Jambo la mwisho: damu. Mama mwenye upungufu wa damu mionzi haimfai ipasavyo. Ale vizuri, na akihitaji kuongezewa damu asikatae.

SHERIA ZINASEMAJE?

Sasa turudi kwenye majuma 8.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mfululizo akiugua, atalipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kazini. Mwezi wa pili ukiisha na bado ni mgonjwa, mwajiri ana haki ya kuvunja mkataba, ilimradi amlipe yote anayostahili mpaka siku hiyo. Mfanyakazi naye anatakiwa kutoa habari mapema na kuonyesha cheti cha daktari akitakiwa.

Tupige hesabu. Vipimo na kungoja zamu, majuma kadhaa. Tiba, majuma 6 mpaka 8. Kupata nguvu za kusimama kwenye mteremko na kubeba kikapu, majuma mengine. Mama aliyefuata kila neno la daktari, bila kupoteza hata siku moja, anaweza kutoka hospitali amepona kansa akakuta hana kazi wala chumba.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Hazitoshi hata nusu ya tiba. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Siku 63 ni majuma 9. Hapo mama anaweza kumaliza mionzi yake yote huku watoto wanakula.

Sisemi Tanzania ni peponi, maana kibarua wa siku huko naye ana shida zake. Ninasema tu kwamba jirani ameweza, basi nasi tunaweza kudai. Sheria ni sakafu, si dari. Mkataba wa pamoja unaweza kupanda juu yake.

TUDAI NINI?

Kwanza, siku ya kupimwa kwa siki kila mwaka, ndani ya saa za kazi, bila kukatwa kilo. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hataacha mstari wake aende kupimwa bure.

Pili, likizo ya ugonjwa isiyopungua majuma 9 yenye malipo, kwa kila ugonjwa ambao tiba yake ni ndefu.

Tatu, mkataba uandike wazi "mshahara kamili" ni kiasi gani kwa mtu wa kilo. Sisi tunapendekeza wastani wa miezi 3 kabla hajaugua. Bila maandishi, karani atahesabu anavyopenda.

Nne, mgonjwa asitolewe chumbani mwake akiwa kwenye tiba.

Tano, akirudi apewe kazi nyepesi kwanza, kama kuchambua majani kiwandani, wala si kikapu.

Sita, siri. Cheti kiseme mfanyakazi hawezi kazi mpaka tarehe fulani. Nyapara hana haja ya kujua ni sehemu gani ya mwili.

Na vibarua msikae kimya. Kanuni za ajira za mwaka 2011 hapa Uganda zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Wengi wa wanawake wanaonyimwa malipo ya ugonjwa wamefanya kazi miaka, wakiitwa vibarua kwa jina tu.

HABARI YA YULE WA 2019

Nilisema nitaimaliza. Mwenzetu huyu alianza mionzi Kampala, akaendelea vizuri majuma 3. Siku ya Jumapili jioni nikamkuta kambini, amekaa mlangoni na mfuko wake wa plastiki wenye karatasi za hospitali. Nikadhani amemaliza. Kumbe mwanawe mkubwa alimpigia simu kwamba malipo yamesimamishwa, na msimamizi ametuma watu wawaambie wahame. Akaamua kurudi achume, apate posho, kisha aende tena akipata fedha.

Nilimwuliza kwa nini hakunipigia simu. Akasema, "Dada, nilijua chama ni cha mambo ya kilo."

Neno lile liliniuma, kwa maana lilikuwa kweli. Tangu kuchaguliwa kwangu nilikuwa nimesimama mbele ya mikutano nikisema kilo, kilo, kilo. Kansa sikuwahi kuitaja hata mara moja, ingawa tulimzika mwenzetu wa 2016.

Usiku ule kamati ya tawi ilikutana. Asubuhi tulikwenda ofisini na cheti chake na nakala ya sheria. Mwezi wake wa kwanza ulikuwa haujaisha, basi kusimamisha malipo lilikuwa kosa la wazi, na meneja alipoona tumekuja watu 12 akalikubali. Chumba kikabaki. Tukachanga shilingi 1,000 kila mtu kwa ajili ya mwezi wa pili. Akarudi Kampala akiwa amekosa siku 8. Madaktari walimgombeza, kwa maana kila siku inayopotea huipa kansa nguvu, wakampangia upya akamaliza, ya nje na ya ndani.

Yu hai mpaka leo. Huenda kupimwa kama alivyopangiwa, na anachambua majani kiwandani. Kikapu hawezi tena.

Ndugu wafanyakazi, mashine zilinunuliwa kwa kodi zetu na kwa misaada iliyoombwa kwa jina letu. Lakini mashine haimfuati mtu kambini. Kumfikisha mwenzetu pale na kumweka pale mpaka siku ya mwisho ni kazi yetu. Katika mkutano wa tawi unaokuja, baada ya mambo ya kilo, mwakilishi asimame aulize: "Nani kati yetu amepimwa?" Aanze yeye, na mkewe. Mimi nimekwisha kupimwa.

Umoja ni nguvu.